Prepense na maneno mengine ya kale ya Kiingereza kuhusu uovu uliopangwa

Prepense ni kivumishi cha kale katika Kiingereza cha mahakamani, chenye maana ya "lililokusudiwa mapema". Siku hizi hakitumiki ila katika maandishi ya historia ya sheria, na karibu kila mara hufuata neno *malice*, yaani nia ovu. Pamoja na *forsteal*, *forecast* na *forthocht felony*, kimo katika kundi la maneno yaliyomtenga aliyepanga uovu na aliyeutenda kwa hasira za papo hapo.

Asili ya neno

Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kilikuja kuwa lugha ya wanasheria. Humo lilitoka *purpensé*, kutokana na kitenzi *pourpenser*, kuwaza jambo kwa kina. Mzizi wake ni *pensare* ya Kilatini, kupima uzito kwenye mizani. Hata Kiswahili husema mtu apime maneno kabla ya kuyatamka. Kiambishi *pur-* kilitokana na *pro-* ya Kilatini. Baadaye waandishi walikigeuza kuwa *pre-*, "kabla", na hivyo wazo la wakati likajengwa ndani ya tahajia yenyewe. Katika karne ya 16 likazuka *aforethought*, "lililowazwa kabla", kama tafsiri ya *prepense*. Tafsiri hiyo ndiyo iliyodumu.

Maneno ya jamii moja

*Forsteal* ni la Kiingereza cha Kale: *fore*, mbele, na *steall*, mahali pa kusimama. Lilitaja kosa la kumvizia mtu njiani na kumshambulia. Mfalme Cnut, aliyetawala Uingereza kuanzia 1016 hadi 1035, alilihesabu miongoni mwa makosa yaliyo chini ya haki za mfalme mwenyewe. Karne zilizofuata, aliyeviziwa njiani hakuwa tena adui bali mkulima na mzigo wake: *forestaller* akawa mlanguzi anayenunua bidhaa kabla hazijafika sokoni ili aziuze ghali. Kosa hilo lilifutwa mwaka 1844. Leo *forestall* ni kuzuia jambo kabla halijatokea.

*Forecast*, katika karne ya 14, ilikuwa kupanga au kubuni hila mapema. Maana ya utabiri wa hali ya hewa ilienea baada ya 1861, Robert FitzRoy alipoanza kuchapisha utabiri wake katika gazeti la *The Times*.

Nchini Uskoti, *forthocht felony*, uhalifu uliowazwa kabla, ulitofautishwa na *chaudmella*, neno la Kifaransa lenye maana ya "ugomvi wa moto".

Matumizi katika sheria

Tofauti kati ya uovu uliopangwa na ule wa papo hapo iliamua nani aponee kitanzi. Sheria ya mwaka 1390, enzi za Richard II, ilibana misamaha ya mfalme kwa aliyeua kwa kuvizia au kwa *malice prepense*. Katika karne ya 16, sheria za wafalme wa ukoo wa Tudor zilimnyima muuaji wa namna hiyo kinga ya ukasisi, ambayo kwayo mshtakiwa aliyejua kusoma aliweza kukwepa adhabu ya kifo.

Hata hivyo, maana ilizidi kujitenga na neno. Mwanasheria Mwingereza Edward Coke, katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1644, alieleza kwamba nia hiyo yaweza kudhihirishwa na mtendaji au kudhaniwa na sheria yenyewe. Kwa hiyo haikulazimu tena kuthibitisha kwamba mtu alikaa akapanga. Jimbo la Pennsylvania, Marekani, lilirudisha sharti la kupanga mwaka 1794, lilipogawa mauaji katika madaraja.

Afrika Mashariki

*Malice aforethought* ililetwa na sheria za kikoloni. Imo hadi leo katika Kanuni ya Adhabu ya Kenya, Sura ya 63, kifungu cha 206, na katika ile ya Tanzania, Sura ya 16, kifungu cha 200. Vifungu vyote viwili huiona nia hiyo, kwa mfano, pale mtu anapokusudia kuua au kujeruhi vibaya, hata kama kusudi hilo lilimjia dakika ile ile. Kiswahili husema "kuua kwa kukusudia", bila kutaja "mapema". Kwa hiyo kinakaribia maana ya vifungu hivyo kuliko maneno ya Kiingereza yaliyomo ndani yake.