Lori la dizeli linachemsha likivuta mzigo: tazama mshale unapanda lini

Barabara inayotoka Malindi kupita Maruhubi, Mtoni na Kibweni hadi Bububu hupita magari mazito kutwa: ya mchanga, ya matofali, ya kontena kutoka bandarini, na yale yanayovuta mengine yaliyoharibika. Msimu wa kaskazi, jua likiwa kali, si ajabu kuliona moja limeegeshwa pembeni, kichwa kimefunguliwa na mvuke unatoka. Dereva huomba maji, hujaza, huondoka. Baada ya kilomita chache hali ni ile ile.

Kujaza maji si kutibu ugonjwa. Katika makala hii tunaeleza namna ya kujua chanzo, na jambo kubwa la kukumbuka ni hili: usiangalie tu kwamba mshale wa joto umepanda, angalia umepanda wakati gani.

Kwa nini likivuta ndipo linachemsha

Injini ikivuta mzigo huchoma dizeli nyingi zaidi. Sehemu ya nguvu ya dizeli husukuma gari, nyingine hutoka na moshi, na kati ya robo na theluthi huingia kwenye maji ya rejeta kama joto. Mzigo ukiongezeka, na joto hilo huongezeka.

Tatizo ni kwamba gari lenye mzigo huenda polepole, hivyo upepo wa mbele ni mdogo na kazi yote inabaki kwa feni. Rejeta iliyoziba nusu humudu gari tupu bila shida. Siku ya tela ndipo hushindwa. Unguja haina milima kama Kitonga ya Iringa au Sekenke ya Singida, lakini mzigo mkubwa, foleni na jua la mchana hufanya kazi ile ile ya mlima.

Usalama kwanza

Mshale ukianza kupanda, punguza mwendo, zima kiyoyozi kama kipo, na tumia gia ndogo ili feni na pampu ya maji zizunguke kwa kasi bila kukanyaga mafuta sana.

Ukikaribia nyekundu, egesha pahali salama. Kama hakuna maji yanayomwagika na mkanda haujakatika, iache injini ingurume taratibu bila mzigo kwa dakika chache, maji yaendelee kuzunguka. Kama mvuke unatoka, maji yanamwagika au mshale bado unapanda, zima mara moja.

Usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa moto. Maji ya kawaida huchemka kwenye nyuzi joto 100, lakini ndani ya rejeta yamebanwa, hivyo yanaweza kufika karibu 120 bila kuchemka. Ukifungua, hulipuka usoni. Subiri nusu saa au zaidi, mpaka mpira wa juu wa rejeta ushikike kwa mkono na uwe laini ukiubonyeza. Pia usimwage maji baridi ndani ya injini ya moto, silinda hedi inaweza kupasuka.

Mtu akiungua, mwagia sehemu hiyo maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha mpeleke kituo cha afya. Usipake dawa ya meno wala mafuta.

Mshale unapanda lini?

Gari likisimama au kwenye foleni tu, likikimbia linapoa: chunguza feni. Mkanda unaweza kuwa umelegea. Kwenye malori yenye klachi ya feni, zima injini ikiwa bado na joto, kisha zungusha feni kwa mkono. Ikizunguka ovyo kama pangaboi bila kushika, klachi imekufa.

Likivuta mzigo kwa kasi kwenye barabara tambarare: maji hayapiti vizuri. Rejeta imeziba ndani, pampu imechoka, au mapezi yamejaa tope na wadudu. Osha mapezi kwa maji ya nguvu ndogo, kutoka upande wa injini kwenda nje. Nguvu kubwa huyapinda.

Muda mfupi tu baada ya kuwasha: shuku themostati iliyoganda ikiwa imefunga. Dalili yake ni mpira wa juu kuwa moto sana na wa chini kubaki baridi.

Likipandisha, pamoja na moshi mweusi: injini inapata dizeli nyingi kuliko hewa. Kagua filta ya hewa, mipira ya tabo, na uliza kama pampu ya dizeli iliwahi kuongezwa ili gari "liwe na nguvu". Nguvu hiyo hulipwa kwa joto.

Mapovu yasiyokoma ndani ya rejeta, au oili iliyogeuka rangi ya maziwa: huenda gasketi ya silinda hedi imeungua. Usiendelee na safari. Gasketi peke yake ni gharama, ukiendelea utanunua na silinda hedi.

Ringi moja ya moto kuliko nyingine: breki inashika. Injini inavuta mzigo na breki kwa pamoja. Sogeza kiganja karibu na kila gurudumu bila kugusa, na usisahau magurudumu ya tela.

Jihadhari pia na mshale unaoshuka ghafla wakati mvuke unatoka. Kipimo husoma vizuri kikiwa ndani ya maji. Maji yakiisha, mshale unaweza kushuka huku injini inaungua.

Maji yetu na rejeta

Ardhi ya Unguja sehemu kubwa ni mawe ya matumbawe, na visima vingi hutoa maji yenye chokaa. Vya karibu na pwani huwa na chumvi pia. Ule utando mweupe unaoganda ndani ya birika ndio huo huo unaoganda ndani ya rejeta, na chumvi hula chuma. Maji ya kisima ni ya dharura tu.

Tumia kulanti iliyoelekezwa na mtengenezaji wa gari. Ukihitaji kuichanganya, tumia maji yaliyochujwa chumvi, kama yale ya betri. Maji ya mvua yaliyokingwa safi ni bora kuliko ya kisima. Kagua pia mpira wa kifuniko cha rejeta: ukichakaa, maji hayabanwi na huchemka mapema. Kifuniko ni bei ndogo, anza nacho.

Ukifika kwa fundi

Usiseme tu "linachemsha." Mwambie: lilikuwa na mzigo gani, mwendo gani, gia ipi, moshi rangi gani, maji yalipungua kiasi gani na kama yalimwagika chini au yalipotea bila kuonekana. Maelezo hayo humwokoa fundi asibahatishe, nawe usinunue rejeta mpya kwa kosa la mkanda uliolegea.