Ugeuzaji wa Gari la Oto

Ingia katika gereji yoyote ya jua kali pale Makutano, mjini Meru, umwambie fundi kwamba unataka kubadilisha giaboksi. Swali lake la kwanza litakuwa, "Kwani imekufa?" Kwake yeye kubadilisha giaboksi ni kutoa mbovu na kutia nzima ya aina ileile. Kama nia yako ilikuwa kulifanya gari la oto liwe la manyuali, mmekwisha kupishana hata kabla ya kuinua boneti, na bei atakayokutajia ni ya kazi nyingine kabisa.

Gari ninalolifikiria ni Subaru Legacy, hasa lile lililoandikwa GT mgongoni. Wakenya wana mapenzi ya muda mrefu na Subaru, na sehemu ya mapenzi hayo inatokana na Safari Rally: mwaka 1993 Patrick Njiru aliyamaliza mashindano hayo akiwa na Subaru Vivio, kigari kidogo ambacho mtu angekidhania cha kwenda sokoni. Legacy nyingi tunazoziona kati ya Embu, Runyenjes, Chuka na Nkubu zimetoka Japani zikiwa zimetumika, zikashukia Mombasa, na wingi wake ni oto. Baada ya miaka kadhaa ya milima, mwenyewe huanza kusikia gia zikichelewa kuingia. Hapo ndipo wazo la kutia klachi humjia.

Kwanza hizo herufi. GT ni ufupisho wa maneno ya Kiitaliano, gran turismo, yaani gari lililotengenezwa kwenda mbali, kwa kasi, bila kuwachosha waliomo. Wakali wa Ulaya watakwambia GT halisi ina milango miwili. Waache. Ukitafsiri neno kwa neno utapata "gari la utalii mkubwa", na msomaji wa Meru ataona mbele yake matatu ya rangi ya udongo, paa limeinuliwa, imebeba Wazungu wenye darubini kuelekea Mbuga ya Meru kutazama vifaru. "Gari la safari" lingefaa, maana safari ndilo neno letu la kwenda mbali, lakini Waingereza walilichukua zamani wakalifunga ndani ya mbuga, na linaporudi kwetu linarudi na simba wake. Mimi nasema "gari la masafa". Ni fupi, linasema kazi ya gari lenyewe, na fundi hatakucheka.

Neno la pili ni gumu zaidi: transmission. Mfasiri mvivu akifungua kamusi atakuta "maambukizi". Kando yake atakuta manual ni "mwongozo". Atayaunganisha atuandikie "maambukizi ya mwongozo", ugonjwa ambao hakuna daktari wa Embu aliyewahi kuutibu. Kosa lake ni kudhani kwamba kwa kuwa Kiingereza kinatumia neno moja, nasi tunalo moja. Kiingereza huona kitu kikitoka hapa kwenda kule, basi. Kiswahili huuliza ni kitu gani kinachokwenda: ugonjwa huambukizwa, matangazo hurushwa, habari hupelekwa, nguvu hupitishwa. Katika gari kinachokwenda ni nguvu, kutoka kwenye injini hadi kwenye gurudumu. Kwa hiyo kikamilifu ni "mfumo wa kupitisha nguvu".

Giaboksi ni sehemu moja tu ya mfumo huo. Katika gari la kawaida la kusukumwa na magurudumu ya nyuma, nguvu hutoka injini ikapita kwenye flaiwili, ikashikwa na klachi, ikaingia giaboksi, ikafuata propela hadi kwenye difu, ikagawanywa kwa ekseli mbili. Gari la oto halina klachi ya mguu. Mahali pake kuna chungu cha chuma kilichojaa mafuta, na ndani yake feni mbili zinazotazamana. Moja huzungushwa na injini na kuyarusha mafuta. Ya pili husukumwa na mafuta hayo nayo ikazunguka. Katikati kuna kigurudumu cha tatu kinachoyarudisha mafuta kwa pembe inayoongeza nguvu wakati gari linapoanza kuondoka. Hakuna chuma kinachoshika chuma mpaka gari lishike mwendo, ndiyo maana oto huondoka kwa ulaini. Ulaini huo una gharama yake: mafuta yanayokorogwa hupata joto, na mlima mrefu huyachemsha zaidi. Teknolojia yenyewe si ngeni. Kampuni ya General Motors iliuza oto kamili ya kwanza kwa umma, Hydra-Matic, katika magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940.

Sasa tuite vipi hiyo oto? Wapo wanaoandika "gari la kujiendesha". Zamani lingepita, lakini leo gari la kujiendesha ni lile lisilo na dereva, na hakuna anayetaka kulikuta kwenye kona za Chogoria. Kinachojitenda si gari, ni gia. "Gia za kujibadili" ndiyo kauli sahihi, kwa kuwa kile kiambishi -ji- kinakaa mahali pake. Kwa upande mwingine tuna "gia za mkono", msemo uliokwisha kuzoeleka, nami sitapigana nao. Lakini si sahihi sana. Oto nyingi za siku hizi zina vitufe kwenye usukani, dereva anapandisha na kushusha gia kwa vidole, na bado ni oto. Tofauti haiko mkononi, iko mguuni: pedali ya tatu. Ukiniuliza mimi, jina lisilo na utata ni "gari la klachi".

(Gia imekwisha kuingia hata katika maneno yetu ya siasa na mapenzi. Mwanasiasa hubadili gia angani, tapeli hukuingia kwa gia ya ujamaa. Klachi haijabahatika, ingawa ndiyo inayofanya kazi chafu.)

Turudi gereji. Kulifanya gari la gia za kujibadili liwe la klachi ni *ugeuzaji*. Kubadilisha ni kuweka kitu mahali pa kingine. Kugeuza ni kukifanya kitu kiwe kingine. Unabadilisha tairi, unageuza kanga kuwa pazia. Tofauti hii si ya walimu wa sarufi peke yao, kwa maana aliyeambiwa abadilishe atanunua giaboksi, na aliyeambiwa ageuze ataandika orodha.

Orodha ni ndefu. Kile chungu cha mafuta kinatoka, pamoja na bati jembamba lililokishika kwenye injini. Mahali pake inaingia flaiwili nzito, sahani ya klachi, presha yake na beringi ya kuachia. Katika magari mengi fundi mzoefu ataichungulia pia ncha ya krenki, kwa kuwa mara nyingi injini iliyozaliwa na oto haina beringi ndogo ya kushikilia shafti ya giaboksi. Pedali mbili zinang'olewa, tatu zinafungwa. Kisha silinda mbili za mafuta ya klachi, ambazo Kiingereza kinaziita bwana na mtumwa. Sioni sababu ya sisi kuyarithi majina hayo: "silinda kuu" na "silinda pokezi" yanatosha. Kuna giaboksi yenyewe, mkono wa gia, mabano ya kuibebea, na propela ya urefu unaofaa. Njia rahisi ya kuvipata vyote ni kununua nusu gari iliyokatwa Japani, au kupanda basi hadi kwa wauza spea wa Kirinyaga Road, Nairobi, ukiwa na picha za kila kitu kwenye simu.

Subaru ina mtego wake. Kwa kuwa magurudumu yote manne husukuma, difu ya mbele imefichwa ndani ya giaboksi. Ukileta giaboksi yenye uwiano wa 4.11 ukaacha difu ya nyuma ya 4.44, umeifunga miguu ya mbele na ya nyuma kwa kasi mbili tofauti. Gari litaondoka, tena vizuri, na mwenyewe atawapigia rafiki zake simu. Baada ya hapo litaanza kubana kwenye kona, na kile kinachogawa nguvu katikati kitajipika hadi kife. Wengi hulaumu giaboksi iliyonunuliwa. Giaboksi haina kosa. Kazi ilifanywa kama kubadilisha, haikufanywa kama kugeuza.

Halafu kompyuta. Oto haikubali kuwaka ila mkono wa gia uwe kwenye P au N, na swichi inayohakikisha hilo imetoka pamoja na giaboksi ya zamani. Fundi asipounganisha waya wake, utapiga stati hadi jioni. Taa ya rivasi nayo hutegemea swichi ya hukohuko. Kompyuta ya injini itaendelea kuitafuta giaboksi isiyokuwepo na kukuwashia taa kwenye dashibodi, mpaka ipatikane kompyuta ya gari la klachi au mtu wa kuipanga upya.

Je, inafaa? Kwa barabara zetu sababu ninazoziona ni mbili. Betri ikifa Nkubu, gari la klachi unalisukuma mteremkoni, unatia gia ya pili, linawaka. La oto unalisubiria mtu wa waya. Ya pili ni mabonde. Mito inayotoka Mlima Kenya imeikata barabara ya Embu hadi Meru mara nyingi, na kila mto una mteremko wake. Pale daraja la Nithi, tarehe 24 Julai 2022, basi lilitumbukia bondeni wakafa watu zaidi ya 30. Gari dogo si basi, na oto pia ina gia za chini ambazo dereva anaweza kuzishikilia, ingawa wengi hawazigusi tangu walinunue. Mwenye klachi ana tabia ya kushuka na gia, injini ikilishika gari badala ya breki peke yake. Lakini tabia hiyo haiji na giaboksi. Anayetia fri mteremkoni ili aokoe petroli, gari lake liwe la klachi au la oto, amejinyang'anya mwenyewe breki ya injini.

Kuna kitu pia utakachokipoteza: herufi P, inayolifunga gari likisimama. Tafuta breki ya mkono iliyo nzima, na jiwe.

Uamuzi wangu ni kwamba kama giaboksi ya oto imekufa na nusu gari imepatikana, geuza. Kama oto bado nzima, badilisha mafuta yake kwa wakati uendelee na safari. Ukigeuza, mwombe fundi aandike neno "ugeuzaji" kwenye karatasi ya bei, na orodha chini yake. Na uiangalie leseni yako kabla gari halijatoka gereji: daraja la B1 la NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, ni la gari dogo la oto tu.