Micaela na Uwanja wa New Orleans

Anayesimama Jackson Square, New Orleans, akaupa mgongo mto Mississippi, hulikuta mbele yake Kanisa Kuu la Mtakatifu Louis. Kushoto mwa kanisa ni Cabildo, jengo la baraza la mji enzi za Wahispania, na kulia ni Presbytère. Kamera za watalii huelekezwa huko kwanza. Lakini kinachoufanya uwanja huu uwe uwanja ni safu mbili ndefu za nyumba za matofali mekundu zilizoupakata ubavuni, moja huku na nyingine kule. Inua macho kwenye roshani zake. Katikati ya nakshi za chuma utaona herufi mbili zilizofungamana, A na P, zikijirudia kutoka mwanzo wa safu hadi mwisho. A ni Almonester, jina la baba. P ni Pontalba, jina la mume. Mjenzi alikuwa mwanamke aliyetumia nusu ya maisha yake kuhakikisha jina la pili halimezi mali ya jina la kwanza.

Micaela Almonester alizaliwa hapa mwaka 1795. Baba yake, Don Andrés Almonester y Roxas, alitoka Hispania akiwa karani wa hati za serikali, akatajirika kwa ardhi na majengo. Alimiliki watumwa pia, na hilo halina budi kusemwa kila jina lake linapotajwa. Ijumaa Kuu ya mwaka 1788 moto uliteketeza zaidi ya majengo 800 ya mji. Almonester ndiye aliyegharamia kanisa jipya, kisha akaingia kwenye ujenzi wa majengo yaliyo kandokando yake. Alifariki mwaka 1798 akimwacha binti asiyetimiza miaka mitatu na mjane kijana, Louise de la Ronde, Mkreoli wa ukoo wa Kifaransa.

Wakreoli wa tabaka hilo, wazaliwa wa Louisiana wenye asili ya Ufaransa na Hispania, walikuwa na sheria zao za nyumbani zisizohitaji kuandikwa. Binti alikaa chini ya ulinzi hadi aozwe. Mke alikuwa pambo na nguzo ya jina la mumewe. Mama aliishi kwa ajili ya watoto, na mjane alitarajiwa kutulia. Louise hakutulia. Mwaka 1804 aliolewa na mwanamume aliyekuwa mdogo kuliko yeye, na watu wa mji wakamjia usiku na makelele ya vyombo, wakibeba jeneza la kuigiza kana kwamba marehemu Don Andrés amerudi kudai mkewe. Zogo liliendelea kwa siku tatu, mpaka akakubali kutoa fedha kwa ajili ya maskini. Micaela alikuwa na umri wa miaka minane. Mtoto aliyeona mama yake akitozwa faini na umati kwa kosa la kuolewa tena hakuhitaji kuelezwa mji wake unawatakaje wanawake.

Yeye mwenyewe aliozwa mwaka 1811, akiwa na miaka 15, kwa binamu yake Célestin de Pontalba. Harusi ilifungwa katika kanisa lile lile alilolijenga baba yake, na safari ya Ufaransa ikafuata. Huko alikuta kwamba mwenye ndoa hasa ni baba mkwe, Baron de Pontalba, naye mzaliwa wa New Orleans. Mzee alikuwa na kasri Mont-l'Évêque, kaskazini mwa Paris, na aliuona utajiri wa mkwewe kuwa mali ya ukoo iliyochelewa kukabidhiwa. Kwa miaka mingi alimbana atoe mirathi yake, na Célestin hakuwa mtu wa kumpinga baba.

Sheria nayo ilikuwa upande wao. Talaka ilikuwa imefutwa Ufaransa tangu 1816, na mke alitakiwa kuishi anakoishi mumewe. Micaela aliposafiri kwenda Louisiana kuangalia mali zake, safari ile ikageuzwa ushahidi kwamba ameitelekeza ndoa. Alikwenda mahakamani kuomba watengane, akashindwa.

Oktoba 1834 alifika Mont-l'Évêque kwa ajili ya mambo ya mwanawe mkubwa. Mzee aliingia chumbani, akamfungia ndani pamoja naye, akamfyatulia bastola karibu karibu, risasi nne kifuani. Mkono alioupeleka kujikinga ulipoteza vidole viwili. Baron, akidhani amekwisha kuua, alijiua siku hiyo hiyo kwa bastola zile zile. Micaela hakufa. Ilibidi damu imwagike ndipo mahakama impe kile alichokiomba kwa karatasi: kutengana na mumewe na kushika mali yake.

Alichokifanya baadaye ndicho kinachonivutia zaidi. Alijenga. Kwanza jumba kubwa Paris, mtaa wa Faubourg Saint-Honoré, ambalo leo ni makazi ya balozi wa Marekani. Mapinduzi ya 1848 yalipoitikisa Ufaransa, alirudi New Orleans na wanawe wawili, akaukuta uwanja wa utoto wake umechakaa. Biashara ilikuwa imehamia upande wa Wamarekani, juu ya mto, na mtaa wa Wakreoli ulikuwa unaporomoka. Kati ya 1849 na 1851 alisimamisha zile safu mbili, nyumba 16 kila upande, maduka chini na makazi juu, kwa gharama ya zaidi ya dola 300,000. Aligombana na wachoraji ramani, akabishana na mkandarasi juu ya kila senti, na masimulizi ya mji yanasema alivaa suruali akapanda ngazi mwenyewe kukagua kazi. Mwaka 1851 mwimbaji maarufu wa Sweden, Jenny Lind, alifikia katika nyumba mojawapo. Kisha Micaela akarejea Ufaransa, akamtunza Célestin, ambaye akili zilikuwa zimempotea, hadi alipofariki yeye mwenyewe mwaka 1874. Wanaomwita mwasi wa ndoa waitazame miaka hiyo ya mwisho. Kumhudumia mume hakukumshinda. Alichokikataa ni kunyang'anywa.

Hata hivyo alikuwa tajiri na mweupe, katika mji wenye soko kubwa kuliko yote la watumwa nchini. Nyuma ya kanisa, hatua chache tu, kuna simulizi nyingine. Henriette Delille alikuwa Mkreoli huru mwenye asili ya Afrika. Kwa mabinti wengi wa tabaka lake matarajio yalikuwa wawe vimada wa wazungu, wazae watoto wasio na jina la baba, na mama yake aliishi hivyo. Henriette aliiacha njia hiyo. Mwaka 1842 alianzisha shirika la watawa, Masista wa Familia Takatifu, wakahudumia wazee, yatima na watumwa. Mwaka 1881, baada ya kifo chake, masista hao walinunua ukumbi wa dansi wa mtaa wa Orleans, ambako inakumbukwa kwamba mabinti kama yeye walipelekwa kuonyeshwa kwa wanaume, wakaugeuza nyumba ya utawa.

Mwaka 1870, Micaela akiwa bado hai Paris, bibi harusi kijana kutoka St. Louis alihamia mji huu na mumewe Mkreoli. Alikuwa Kate Chopin. Alizaa watoto sita, akafiwa na mume, na mwaka 1899 akatoa riwaya The Awakening, juu ya mke anayechoka kuwa kile tu ambacho mume na watoto wanamtaka awe. Wahakiki waliishambulia vikali.

Safu za Pontalba sasa ni mali ya umma, moja ya jiji na nyingine ya Makumbusho ya Jimbo. Sheria ilichelewa kuliko matofali. Katika Louisiana mume aliendelea kuwa bwana pekee wa mali ya pamoja, na mwaka 1974 mume mmoja aliiweka rehani nyumba ya familia ili amlipe wakili wake. Mkewe alikuja kujua miaka miwili baadaye. Sheria mpya ilianza kutumika tarehe 1 Januari 1980, na mwaka 1981 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwamba ile ya zamani ilivunja Katiba.