Qurtuba na Ulaya ya Zama za Kati: Elimu Ilivyopanda na Ilivyopotea

AlhamduliLlah, swala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (swalla Llahu alayhi wa sallam), ahli zake na swahaba zake.

Vijana wetu wa skuli hutuuliza: ikiwa Waislamu waliwahi kuitangulia Ulaya kwa elimu, waliipata vipi, na ikawaponyoka vipi? Tunawajibu kwa mji mmoja, Qurtuba, makao makuu ya Andalus, katika nchi inayoitwa leo Uhispania.

Hali ya Ulaya

Katika karne ya 10 Miladia, watu wengi wa Ulaya ya magharibi walikuwa wakulima wa vijijini wasiojua kusoma. Tusitie chumvi tukasema hawakuwa na elimu kabisa; walikuwa nayo, lakini sehemu kubwa ilikuwa mikononi mwa makasisi na watawa. Vitabu viliandikwa juu ya ngozi za wanyama, na kitabu kimoja kikubwa kiliweza kumaliza ngozi za kundi zima. Maktaba yenye vitabu mia kadhaa ilihesabiwa kuwa kubwa.

Hali ya Qurtuba

Msikiti mkuu wa Qurtuba ulianza kujengwa mwaka 785 na Abdur-Rahman wa kwanza. Khalifa Al-Hakam wa pili, aliyetawala 961 hadi 976, alituma watu Baghdad, Damascus na Cairo kumnunulia vitabu. Wanahistoria wa zamani wanataja kuwa maktaba yake ilifikia vitabu 400,000. Hata tukiipunguza hesabu hiyo sana, Ulaya haikuwa na mfano wake. Inapokewa pia kuwa alifungua vyuo 27 vya bure kwa watoto wa masikini.

Katika mazingira hayo alitokea tabibu Abul-Qasim Az-Zahrawi, aliyeandika At-Tasrif, kitabu cha juzuu 30. Juzuu ya mwisho ni ya upasuaji, na ndani yake alichora vyombo vya kazi hiyo kimoja kimoja.

Elimu ilivyovuka

Wazungu waliifuata elimu hiyo kwa miguu yao. Gerard wa Cremona alitoka Italia akaenda Toledo, mji uliotoka mikononi mwa Waislamu mwaka 1085. Alijifunza Kiarabu, na hadi kufa kwake mwaka 1187 alikuwa amefasiri vitabu zaidi ya 70 kwa Kilatini, kikiwemo cha upasuaji cha Az-Zahrawi. Leonardo wa Pisa alijifunza hesabu Bijaya, Algeria ya leo, kisha akaandika kitabu chake mwaka 1202 kuwaeleza watu wake tarakimu tisa na sifuri. Waislamu nao tarakimu hizo walizipokea kutoka India, wala hawakuona aya kujifunza kwa wasiokuwa Waislamu.

Ilivyopotea

Qurtuba haikuangushwa kwanza na adui wa nje. Mwaka 1009 ilizuka fitna ya kugombea utawala, Waislamu wakapigana wenyewe kwa wenyewe. Jumba la Madinatuz-Zahra liliporwa, vitabu vya maktaba vikauzwa na kutawanyika. Mwaka 1031 ukhalifa ukafutwa. Majeshi ya Kikristo yaliingia Qurtuba mwaka 1236, zaidi ya miaka 200 baadaye, na kukuta umma uliokwishagawika.

Mazingatio

Wahyi wa mwanzo kumteremkia Mtume wetu ulikuwa amri ya kusoma. Basi kujivunia Andalus huku mtoto wetu hana hata kitabu kimoja nyumbani ni kujipamba kwa nguo ya kuazima. Tuwasomeshe wana wetu, wa kike na wa kiume, madrasa na skuli pamoja. Mtoto wa masikini asirudishwe mlangoni kwa kukosa ada. Na khitilafu zetu zisifike pahala pa kuvunja tulichokijenga.

Tunamuomba Allah atuzidishie elimu yenye manufaa na aziunganishe nyoyo zetu. Amin.

Wallahu a'lam.