Santuri za Dansi za Kampala na Majina Yaliyopotelea Kwenye Kaseti

Desemba ikishaingia, maduka ya Kampala Road na teksi zinazotoka Old Taxi Park hurudia muziki uleule wa kila mwaka: Krismasi ya Boney M, iliyotoka Ujerumani mwaka 1981, na Krismasi ya Philly Bongoley Lutaaya, iliyorekodiwa Sweden katikati ya miaka ya 1980. Ya kwanza watu huiita ya Wazungu, ya pili huiita yetu. Lakini zote mbili zimetoka studio za Ulaya, katika zama za vinanda vya umeme, na waimbaji wake ni watu weusi waliofika huko kutoka mbali. Hapo ndipo ningependa tuanzie tunapozungumzia zilipendwa za miaka ya themanini. Wanaozililia leo hudhani wanaililia Ulaya, kumbe sehemu kubwa ya wanachokililia ni historia ya Uganda yenyewe.

Boney M ilikuwa kazi ya mtayarishaji Mjerumani, Frank Farian. Liz Mitchell na Marcia Barrett walitoka Jamaika, Maizie Williams alitoka Montserrat, na Bobby Farrell wa Aruba ndiye aliyecheza jukwaani huku sauti nzito ya kiume iliyosikika kwenye santuri ikiwa ya Farian mwenyewe. Mwaka 1978 walitoa santuri ndogo ya Rivers of Babylon, wimbo ambao The Melodians wa Jamaika walikuwa wameurekodi mwaka 1970 kutoka Zaburi ya 137. Upande wa pili kulikuwa na Brown Girl in the Ring, nao ukapendwa kiasi kwamba redio za Uingereza zikaigeuza santuri na kuanza kuupiga huo. Kampala haikuhitaji kufasiriwa zaburi ile. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi, na watu walikuwa wakikimbia nchi usiku na mchana. Wimbo wa mateka walioketi kando ya mito ya ugenini ulipigwa kwenye harusi za mji ambao karibu kila nyumba ilikuwa na mtu aliyekimbia.

Kabla ya hapo santuri zilikuwa zimekwisha kujenga njia yake. Katika miaka ya 1960 na 1970 wanamuziki wa Kampala walikwenda Nairobi kurekodi, na santuri zao zilifyatuliwa hukohuko, kisha zikarudi kuuzwa Uganda. Elly Wamala na Fred Masagazi walipitia njia hiyo. Nairobi ilikuwa na studio, mafundi na mitambo, na katika miaka ya 1970 kiwanda cha Polygram kilifyatua kazi za eneo zima, za benga, rumba na dansi, sambamba na nyimbo za Ulaya zilizoletwa kwa leseni. Santuri ya inchi 7 haibebi dakika nyingi, kwa hiyo wimbo mrefu wa dansi ulikatwa vipande viwili. Sehemu ya kwanza ilibeba mashairi, na ya pili ikabeba magitaa na tarumbeta zilipochachamaa. Mchezaji dansi alijua kwamba raha iko upande wa pili.

Njia hiyo ikakatika. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke, na biashara ya redio, gramafoni na santuri kwa kiasi kikubwa ilikuwa mikononi mwao. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Fedha za kigeni zikawa adimu, na uchumi ukahamia kwenye magendo: kahawa ikivuka mpaka usiku kupitia Chepkube, bidhaa za Kenya zikirudi kwa mlango huohuo. Kwa biashara ya namna hiyo kaseti ilifaa kuliko santuri. Ni ndogo, haivunjiki kirahisi, inafichika, na ukiwa na mashine mbili tu unaweza kuzaa nyingine hamsini. Kufikia vita vya 1979 na misukosuko iliyofuata, mtu aliyekuwa na rafu ya santuri alikuwa na kitu kizito asichoweza kukimbia nacho.

Kaseti iliuokoa muziki, na sitaisema vibaya. Hasara yake ni kwamba ilifuta majina. Mtu wa kibanda alinakili nyimbo kumi na mbili kutoka santuri tofauti, akaandika kwa kalamu ya wino neno moja juu ya karatasi, labda jina la mtindo, labda la mwimbaji aliyekumbukwa. Mtunzi hakuandikwa, wala bendi, wala mwaka. Nakala ikazaa nakala, kila mashine na mwendo wake, hata kuna nyimbo ambazo kizazi changu kimezizoea zikiwa zimepanda nusu sauti kwa sababu tu mashine ya mtu fulani ilikuwa ikikimbia.

Ndiyo maana santuri ya inchi 7 iliyotoka Nairobi, hata ikiwa na mikwaruzo, inastahili heshima ya hati. Itazame kwa karibu. Karatasi ya katikati ina jina la wimbo, jina la mtunzi kwenye mabano, jina la bendi, namba ya toleo, na maelezo kama ni sehemu ya kwanza au ya pili. Kati ya karatasi hiyo na mwisho wa mfereji pana ukingo laini, na ukiuinamisha kwenye mwanga utaona namba iliyochongwa humo. Namba hiyo hulinganishwa na za santuri nyingine za kampuni ileile, na kwa mfuatano wake mtu huweza kukadiria ni ipi iliyotangulia. Kanda mama nyingi hazijulikani ziliko, kwa hiyo santuri iliyochakaa mara nyingi ndiyo shahidi aliyebaki.

Kazi ya kuihuisha inaanza na picha. Karatasi ya katikati hupigwa picha kabla maji hayajaigusa, maana wino wa zamani huchuja. Kisha santuri huoshwa kwa maji yaliyotoneshwa, yasiyo na chumvi, pamoja na tone la sabuni laini, na brashi hufuata mfereji bila kuukata. Vumbi jekundu la Kampala ni gumu. Likikaa miaka arobaini na unyevu huganda chini ya mfereji, na kuosha mara moja hakutoshi. Spiriti kidogo husaidia, lakini ole wake atakayeipaka santuri ya kale ya mizunguko 78, kwani ile imetengenezwa kwa utomvu wa laki na spiriti huuyeyusha. Baada ya hapo inatafutwa sindano. Santuri iliyochezwa sana baa imelika mahali pamoja, pale sindano za zamani zilipopita. Sindano pana kidogo au nyembamba kidogo hugusa ukuta ambao haujalika, na sauti iliyodhaniwa imekufa hutoka. Nyingi ya santuri hizi zina sauti moja tu, hazigawanyi kushoto na kulia, kwa hiyo fundi huziunganisha kuta zote mbili na makelele hupungua.

Nakala ya kwanza huhifadhiwa kama ilivyo, kwa kipimo cha juu ambacho wahifadhi wa sauti duniani wamekubaliana, kilohezi 96 na biti 24. Kuondoa mikwaruzo kufanywe kwenye nakala ya pili, na kwa mkono mwepesi. Nimesikia nyimbo zilizosafishwa mpaka upatu ukapotea na sauti ya mwimbaji ikawa kama imefunikwa blanketi. Huo ni uharibifu. Sehemu ya kwanza na ya pili zinaweza kuunganishwa kwa ajili ya wasikilizaji, ila zile mbili zibaki pia zikiwa mbalimbali, kwa sababu hivyo ndivyo wimbo ulivyouzwa na kuchezwa.

Swali gumu ni nani wa kuifanya kazi hii. Makerere ina hifadhi yenye jina la Klaus Wachsmann, Mjerumani aliyesimamia Jumba la Makumbusho la Uganda kuanzia 1948 hadi 1957 na kurekodi muziki wa asili nchi nzima. Nakala za kazi yake zimerudishwa kutoka Uingereza, na hiyo ni hazina. Shirika la utangazaji la Uganda, UBC, limeonyesha pia kwamba sanduku lililosahaulika linaweza kufunguliwa: mwaka 2019 picha zilizopigwa na wapigapicha wa serikali wakati wa Amin, zilizotoka kwenye hasi zake, ziliwekwa hadharani kwenye jumba hilohilo la makumbusho. Santuri ya dansi imeanguka katikati. Kwa mtafiti wa ngoma za asili ilikuwa ya kisasa mno, kwa redio ilikuwa kifaa cha kazi cha kuchezwa mpaka kiishe, na kwa sababu ilifyatuliwa Nairobi haikuhesabiwa kuwa chapisho la Uganda.

Miaka ya themanini imeongeza pengo. Lutaaya aliishi Stockholm, na humo akatengeneza Born in Africa, akiwa na vinanda vya umeme na ngoma za Ulaya ya wakati ule chini ya Kiganda chake. Mwaka 1989 alirudi akatangaza hadharani kwamba ana virusi vya UKIMWI, akazunguka shule na makanisa, na tarehe 15 Desemba mwaka huohuo akafariki. Geoffrey Oryema, mtoto wa waziri yule aliyeuawa, alikuwa amevushwa mpaka mwaka 1977 akiwa kwenye buti ya gari. Akafika Paris, na albamu yake Exile ilitoka 1990 ikiwa imetayarishwa na Brian Eno. Hii ndiyo pop ya Ulaya ya kwetu. Maduka ya Ulaya huiweka kwenye kreti za muziki wa dunia, nasi tunaikumbuka kwa kaseti. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006, haki za mtunzi hudumu miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo za Lutaaya zinafika 2039. Haki zake zinatetewa kwa urahisi kwa sababu jina lake halikupotea. Mpiga gita la pili wa santuri ya 1974, ambaye huenda ndiye aliyetunga, hana bahati hiyo.

Kampala sasa inatoa tena santuri. Lebo ya Nyege Nyege Tapes, iliyoanzia hapa, ilitoa Sounds of Sisso mwaka 2017, mkusanyiko wa singeli ya Dar es Salaam, na vijana wa Ulaya wakaununua. Masikio, mashine na wanunuzi basi wapo. Kilichobaki ni mpangilio wa kazi, na kwa maoni yangu zianze zile za Nairobi za miaka ya 1970, kabla ya Boney M na Modern Talking, ambazo nakala zake zimejaa Ujerumani na hazitapotea. Picha ya karatasi ya katikati ipigwe pande zote mbili, namba ya ukingoni inakiliwe, na wazee wa bendi waliopo waulizwe nani alipiga nini. Mwenye santuri nyumbani asizilaze moja juu ya nyingine. Azisimamishe wima, mbali na jua la dirishani, na asiziguse kwa sabuni ya vyombo mpaka fundi azione.