Nyumba za Shule: Zilitoka Wapi, na Zafaa Nini?

Somo letu la leo ni la historia, nalo lahusu neno ambalo wengi wenu mmelisikia kwa watoto wenu. Mtoto asema, "Leo nyumba yetu imeshinda." Mzazi ashangaa. Nyumba gani hiyo iliyoshinda, na imeshinda nini?

Nyumba ya shule si kuta na paa. Ni kundi la wanafunzi, wakubwa kwa wadogo, wenye jina lao, kiranja wao na mwalimu mlezi wao. Shule yenye wanafunzi 160 yaweza kuwagawa katika nyumba 4, na kila nyumba ikapata wanafunzi 40. Nyumba hizo hushindana kwa usafi, kwa michezo, kwa kilimo na kwa kuwahi. Kila jambo jema huleta alama, na mwisho wa muhula alama hujumlishwa.

Desturi hii ilitoka Uingereza. Huko zilikuwapo shule za bweni, na wavulana walilala katika nyumba za walimu wao. Ndiyo maana kundi liliitwa nyumba. Mwalimu mmoja aliyejulikana sana ni padre Thomas Arnold, aliyeongoza shule ya Rugby tangu mwaka 1828 hata alipofariki mwaka 1842. Arnold aliwapa wavulana wakubwa kazi ya kuwaangalia wadogo. Alitaka wajifunze kuongoza kwa tabia ya Kikristo. Lakini upo upande wa pili. Katika shule za namna hiyo mtoto mdogo alimtumikia mkubwa kama mtumishi wa nyumbani, akimsafishia viatu na kumkokea moto. Wengine walionewa sana. Basi kumbukeni pande hizo mbili, maana zote zilisafiri mpaka kwetu. Baadaye hata shule zisizo na mabweni zilifuata desturi hiyo. Kulala pamoja hakukuwapo, bali jina la nyumba lilibaki.

Sasa tuvuke bahari tuje Afrika ya Mashariki. Mwaka 1864 Askofu Tozer wa misheni ya Kiingereza iliyoitwa UMCA alifika Unguja. Sultani Majid akampa wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa. Hao ndio waliokuwa wanafunzi wa kwanza wa shule iliyojulikana baadaye kwa jina la Kiungani. Watoto wale walitoka makabila mbalimbali ya bara. Wengi hawakuwa na baba wala mama wa kurudi kwake. Mwaka 1887 kilitolewa kitabu cha habari zao, walizoziandika wenyewe, jinsi walivyotekwa na kuuzwa. Kwa watoto hao shule haikuwa mahali pa kusoma tu. Ilikuwa ndiyo kwao. Walikula pamoja, walilala pamoja, na lugha yao moja ilikuwa Kiswahili. Baadaye vijana wa Bonde walivuka kutoka misheni ya Magila, karibu na Muheza, wakasoma pale pamoja na wengine. Mwaka 1925 kazi ya Kiungani ilihamishiwa Minaki, karibu na Kisarawe.

Huko Kenya, mwaka 1926 misheni za Kiprotestanti ziliungana kufungua shule ya Alliance, mahali paitwapo Kikuyu. Wavulana wa makabila mengi waligawanywa katika nyumba. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyeingia shule hiyo mwaka 1955, alikaa katika nyumba iliyoitwa Livingstone.

Na hapa kwetu, shule ya serikali ya Tabora nayo ilifuata mtindo wa Kiingereza wa nyumba na viranja. Julius Nyerere alisoma Tabora tangu mwaka 1937 hata mwaka 1942. Walioandika habari za maisha yake wasema kwamba alifanywa kiranja wa nyumba, lakini hakupewa ukiranja mkuu, kwa kuwa mwalimu mkuu alimwona ni mwema mno. Ndugu zangu, litafakarini jambo hilo. Kijana aliyeonekana mwema mno kuwaongoza wanafunzi wenzake ndiye aliyeiongoza nchi nzima kupata uhuru mwaka 1961. Je, kosa lilikuwa katika wema wake, au katika mawazo ya watu juu ya kazi ya kiranja?

Sasa tutazame Pongwe, mahali palipo ndani ya Jiji la Tanga, kwenye barabara ya Muheza. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 hupita hapo. Mwaka huohuo mkonge uliletwa nchini, na mashamba yake yakaenea katika nchi hii ya Tanga. Yakavuta wafanya kazi kutoka mbali: Wanyamwezi, Waha, Wamakonde na wengine wengi. Kwa sababu hiyo, katika darasa moja la sehemu hizi waweza kumkuta Mbondei, Mdigo, Msambaa na mjukuu wa mkata mkonge aliyetoka Kigoma. Waweza kumkuta Mkristo ameketi karibu na Mwislamu, hata kama shule ni ya kanisa. Shule nyingi za misheni zilichukuliwa na serikali kwa sheria ya mwaka 1969. Lakini tangu miaka ya 1990 makanisa yamefungua tena shule za msingi, na nyumba nazo zimo.

Basi shule ya Kikristo ya mahali kama Pongwe iziendeshe nyumba zake namna gani? Historia yatupa mafunzo manne.

La kwanza, mtoto agawiwe nyumba siku anayoandikishwa, kwa zamu ya daftari: wa kwanza nyumba hii, wa pili nyumba ile. Asigawiwe kwa kabila, wala kwa dini, wala kwa kijiji. Mkiwaweka pamoja watoto wa mtaa mmoja, mtakuwa mmeleta ugomvi wa mtaani ndani ya uwanja wa shule.

La pili, jina la nyumba lisiwe la kabila lo lote. Mito ya mkoa wetu yafaa: Pangani, Zigi, Umba na Mkulumuzi. Kila mmoja una njia yake, na yote huishia katika bahari moja.

La tatu, alama zitolewe kwa kazi ambazo kila mtoto aweza kuzifanya. Mwenye mbio huleta alama uwanjani. Asiye na mbio na alete alama kwa kufagia vizuri, au kwa kumfundisha mdogo wake kusoma. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba mwili mmoja una viungo vingi, na kila kiungo kina kazi yake. Nyumba ambayo ndani yake mtoto dhaifu ni mzigo tu, haijalielewa fundisho hilo.

La nne, nalo ndilo kubwa: kiranja asipewe fimbo. Kazi yake ni kuhesabu wenzake, kugawa kazi, naye kushika ufagio wa kwanza. Kwa kanuni za serikali za mwaka 2002, adhabu ya viboko hutolewa na mwalimu mkuu, au mwalimu aliyempa ruhusa kwa maandishi, na visizidi vinne. Kiranja hamo katika kanuni hizo. Mtoto wa miaka kumi na miwili akizoea kuwapiga wenzake ili nyumba yake ishinde, tutakuwa tumemfundisha uonevu, na kikombe cha ushindi hakitaufuta.

Wazazi, mna haki ya kuuliza shuleni. Ulizeni mtoto wenu yu nyumba gani, mlezi wake ni nani, na kiranja wake amepewa mamlaka gani.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Kwa nini kundi la wanafunzi liliitwa nyumba?
2. Watoto wa Kiungani walikuwa na haja gani ambayo shule iliwatimizia?
3. Kama ninyi mngechagua kiranja, mngetafuta tabia gani?

Mwalimu wenu atawaongoza katika mazungumzo. Kwaherini, mpaka juma lijalo.