Ugubikaji, Wala Si Utawala

Wapo wanaoridhika kuiita epistasisi "utawala wa jeni", na zipo kamati zinazopitisha istilahi kama hizo kabla chai haijapoa. Kosa lao si dogo. Utawala hutokea kati ya aleli za jeni ileile: aleli ya A huitawala ya O. Epistasisi huhusu jeni mbili tofauti, moja ikizuia kazi ya nyingine isionekane.

William Bateson, aliyeliingiza neno hili katika jenetiki mwanzoni mwa karne ya 20, alilitoa katika Kigiriki: *epi*, juu ya, na *stasis*, kusimama. Waliolifuata neno kwa neno wamepata "usimamajuu", ambalo lingemfaa fundi wa kupaua. Wengine wamependekeza "ufunikaji". Hilo lina nafuu, ila chungu hufunikwa hata kifuniko kikikaa upande.

Kiswahili kina *gubika*. Aliyejigubika shuka gubigubi haonekani hata unywele, lakini yumo kitandani, mzima. Ndiyo sababu makala haya yanatetea "ugubikaji".

Ushahidi umo kwenye damu. Jeni ya H, iliyoko kwenye kromosomu ya 19, hutengeneza kimeng'enya kinachobandika sukari ya fukosi kwenye uso wa chembe nyekundu, na hivyo kuunda antijeni H. Juu ya H hiyo, jeni ya ABO ya kromosomu ya 9 huongeza sukari ya A au ya B. Mtu akirithi nakala mbovu za H kutoka kwa wazazi wote wawili, A na B hukosa pa kushika, na vipimo vya kawaida humsoma kuwa O. Y. M. Bhende na wenzake waliripoti damu ya namna hiyo kutoka Bombay mwaka 1952.

Aleli iliyogubikwa haijafa. Mama anayesomeka O, kumbe amebeba A, akizaa na baba wa kundi B anaweza kupata mtoto wa AB, na ndugu wakaanza kunong'ona bure. "Utawala" hauelezi hata chembe ya kisa hiki.

Kwa matumizi: mwenye damu ya Bombay ana kingamwili dhidi ya H, kwa hiyo hata damu ya O humdhuru, huongezewa ya Bombay mwenzake tu.

Watunzi wa vitabu vya biolojia waandike "ugubikaji", na "utawala" waurudishe kwa aleli.